Mlima Bila Wenyewe: Uhakiki wa Masimulizi ya Utalii wa Matembezi na Utamaduni wa Kijiji katika Milima ya Uluguru

Utalii wa matembezi katika Milima ya Uluguru una umbo lisilobadilika sana kutoka kundi moja la waongozaji hadi jingine. Mgeni hulala mjini Morogoro, takribani kilometa 190 magharibi mwa Dar es Salaam, na alfajiri huanza kupanda. Akiwa na nusu siku hufika Morningside, palipo na jengo kuukuu la enzi za Wajerumani, akala chakula chake huku akiutazama mji ulio chini yake. Akiwa na siku nzima na magoti imara, huingia msituni hadi kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya meta 2,100 kutoka usawa wa bahari. Siku inayofuata hupelekwa kijijini, Choma au kwingineko, kuona kazi za mikono, kula chakula kilichopikwa kwa kuni na pengine kuchezewa ngoma. Wenye muda zaidi huzunguka upande wa Mgeta kutazama mashamba ya mboga yaliyopangwa mlimani kama ngazi, au upande wa Kinole na Matombo, ambako miteremko inayokabili Bahari ya Hindi hupata mvua nyingi na kuotesha migomba, minanasi na viungo.

Makala haya yanaichukulia safari hiyo kama matini. Ina watunzi, yaani wale wanaopanga njia na vituo, ina msimulizi, ambaye ni mwongozaji, ina hadhira, ina mpangilio wa matukio wenye mwanzo, kilele na mshuko, na kama matini yoyote ile, ina mambo inayoyanyamazia. Hoja inayotetewa ni kwamba kasoro kubwa ya matini hii haimo katika yale inayoyaonyesha bali katika mkato wake. Siku moja ni ya mlima, siku nyingine ni ya kijiji. Siku ya mlima ina maumbile bila watu. Siku ya kijiji ina mila bila ardhi. Ilhali kwa Waluguru mambo hayo mawili hayajawahi kutenganishwa, na karibu kila mgogoro mkubwa wa historia yao ulizuka pale mtu mwingine alipojaribu kuyatenganisha.

Wahakiki wa utalii wamezoea kuanza na swali la uhalisi. Dean MacCannell, katika kitabu chake cha mwaka 1976, alieleza kuwa mtalii hutafuta maisha halisi ya wenyeji, naye huishia kupewa jukwaa lililopambwa lifanane na chumba cha ndani. John Urry, mwaka 1990, alihamishia mkazo kwenye jicho la mgeni, akasema kuwa jicho hilo hufundishwa cha kuona kabla halijaondoka kwao. Afrika Mashariki ilipata mfano wake maarufu katika makala ya Edward Bruner na Barbara Kirshenblatt-Gimblett ya mwaka 1994, iliyochambua maonyesho ya Wamaasai katika shamba la familia ya Kiingereza kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya. Wageni walitazama morani wakicheza, kisha wakanywa chai kwenye bustani ya majani mabichi. Uchambuzi huo una nguvu kwa sababu unaonyesha kuwa chai na ngoma ni sehemu za onyesho moja: ushenzi wa kubuni upande huu, ustaarabu wa kubuni upande ule.

Hata hivyo, swali la uhalisi halifiki mbali sana Uluguru. Hakuna uzio, hakuna bustani ya chai, na mwanamke anayetwanga kisamvu mbele ya mgeni wa Choma angekitwanga hata kama mgeni asingekuja. Utalii wa kitamaduni wa Tanzania, ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV na kulelewa na Bodi ya Utalii, ulikusudiwa tangu awali kumkutanisha mgeni na kijiji kinachoishi maisha yake, na vikundi vya Morogoro, Chilunga kikiwa kimojawapo, ni tunda la wazo hilo. Kuuliza iwapo kisamvu hicho ni cha kweli ni kupoteza wakati. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini mgeni anaonyeshwa kinu na haonyeshwi shamba ulikotoka muhogo, wala haambiwi shamba hilo ni la nani.

Ianzwe na siku ya mlima. Masimulizi yake hutawaliwa na misamiati miwili: ule wa sayansi ya viumbe na ule wa ujasiri. Msamiati wa kwanza una msingi thabiti. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na misitu yake ina mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Ni haki mgeni aelezwe hivyo. Tatizo ni kwamba msitu unasimuliwa kana kwamba ulijihifadhi wenyewe. Mipaka ya hifadhi za misitu Uluguru ilianza kuchorwa na utawala wa Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ikarithiwa na Waingereza, na mwaka 2008 misitu hiyo ikaunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kila mchoro wa mpaka uliamua nani alime wapi na kaburi la nani libaki upande gani. Mgeni anauvuka mpaka huo kwa miguu yake, na kwa kawaida huuvuka akisikiliza habari za vinyonga.

Msamiati wa pili, wa ujasiri, unastahili kukaziwa macho zaidi, kwa kuwa ndio unaouza safari. Kupanda Lupanga huelezwa kama jaribio la mwili: utelezi, mizizi, mwinuko mkali, ushindi wa kufika kileleni. Hayo ni kweli. Njia ni ngumu. Lakini katika saa ileile ya alfajiri ambayo mgeni anaanza kupanda, wanawake wa vijiji vya juu wanashuka. Wamejitwisha matenga ya ndizi, mboga na matunda kuelekea soko la Morogoro, wengine wakiwa na watoto mgongoni, na wengi wao kwa kandambili. Jioni watapanda tena wakiwa wamebeba chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Wote wanatumia njia moja. Wanapishana, wanasalimiana, pengine wanapigwa picha. Ila katika masimulizi, mmoja ni shujaa wa safari na mwingine ni sehemu ya mandhari. Matini ingeweza kuwa na wahusika wawili, nayo imechagua mmoja. Kwa lugha ya uhakiki wa fasihi, mwanamke huyo ni mhusika bapa: hana jina, hana nia, hana anakotoka. Hata neno njia linabadilika maana kati yao. Kwa mgeni ni mahali pa kujipima. Kwa mbebaji ni gharama, inayohesabiwa kwa shingo na magoti, na bei ya ndizi sokoni ndiyo huamua kama ililipa.

Kuna wanaodai kuwa lawama ya namna hii haimtendei haki mwongozaji, ambaye ni kijana anayetafuta riziki na ambaye mara nyingi mama yake ni mmoja wa wabebaji hao. Dai hilo ni la kweli. Lakini ndilo pia linaloonyesha kuwa kimya hicho hakitokani na ujinga. Mwongozaji anajua, ni umbo la safari lisilompa nafasi ya kusema. Programu ikiandikwa kuwa asubuhi ni ya kilele na utamaduni ni wa kesho, mama wa njiani anakosa kituo.

Mashamba ya ngazi ya Mgeta yanatoa mfano mzito kuliko huo. Hapa jicho la mgeni hufurahi kwa haki: mistari ya kabichi, njegere na viazi inapanda mlima mpaka inakutana na ukungu. Nyandira siku ya soko ni mahali pa kupendeza kuliko maporomoko mengi ya maji yanayotangazwa. Masimulizi ya kawaida hukomea kwenye uzuri na bidii ya wakulima. Kinachoachwa ni kwamba kilimo cha matuta ndicho kilichoitikisa Uluguru katika muongo wa 1950.

Serikali ya kikoloni ya Uingereza, ikihofia mmomonyoko wa udongo na kuharibika kwa vyanzo vya maji, ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru na kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Waluguru hawakuwa wageni wa kuhifadhi udongo. Upande wa Mgeta walikuwa na mtindo wao wa kufukia magugu na mabua kwa mistari inayokata mteremko, ambayo ilizuia udongo na kuurutubisha kwa wakati mmoja. Matuta yaliyoamriwa yalihitaji kazi kubwa ya kuchimba, nayo mahali pengi yaligeuza udongo juu chini: udongo duni ukapanda, wenye rutuba ukafukiwa. Mavuno yakapungua palepale watu walipoambiwa yataongezeka. Juu ya hayo kulikuwa na shaka isiyosemwa sana katika ripoti za wataalamu, kwamba shamba likishajengwa kwa amri ya serikali, huenda mwenyewe akawa serikali. Julai 1955, huko Matombo, umati uliokusanyika kupinga ulikabiliana na polisi, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango ukafa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima kuhusu mgogoro huo, kilichotoka mwaka 1960, na TANU, iliyokuwa changa wakati ule, ilipata masikio mengi milimani kutokana nao.

Mgeni anayesimama juu ya Mgeta bila kulijua hilo anaiona picha, lakini haisomi. Matuta anayoyaona leo ni ya wakulima waliochagua wenyewe nini cha kupanda na mstari upite wapi, baada ya kukataa kuchaguliwa. Huo ni utamaduni kwa maana nzito kuliko ngoma yoyote ya kuandaliwa, nao umo kwenye siku ya mlima, mahali ambapo programu haitarajii kuukuta. Na maji yaliyokuwa kisingizio cha amri ile bado ni suala hai: Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, huanzia milima hii. Mkulima wa Uluguru ameambiwa na tawala tatu mfululizo kuwa analima juu ya kikombe cha mtu mwingine.

Siku ya kijiji ina upungufu wa aina nyingine. Humo mgeni hupewa kile kinachoitwa mila na desturi, msemo ambao katika Kiswahili cha utalii umekuwa kama gunia: hutiwa ngoma, vyungu, dawa za miti shamba na mavazi, kisha hufungwa. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na ardhi ya lukolo hupita kwa njia hiyo, jambo linalompa mwanamke nafasi ambayo ni adimu katika jamii nyingi jirani, ingawa wajomba ndio wamezoea kusema kwa niaba yake. Mgeni huweza kuambiwa habari hii kama jambo la ajabu, kwa sentensi moja, kati ya kipindi cha mapishi na kipindi cha ngoma. Ikielezwa hivyo inageuka kuwa kitendawili cha nani amemzaa nani. Ikielezwa shambani, penye mpaka wa lukolo moja na jingine, ingekuwa habari ya nani anakula na nani anaazima. Si jambo la kushangaza kwamba utamaduni unaosimuliwa mbali na ardhi huishia kwenye viuno na vyungu.

Ngoma yenyewe haina kosa. Waluguru, kama majirani zao Wakwere, Wakutu na Wazaramo, wamejua siku zote tofauti kati ya ngoma ya kujifurahisha na ngoma yenye jambo lake. Ya kwanza inaweza kuchezwa mbele ya yeyote na malipo yake hayamdhalilishi mtu. Ya pili ina wakati. Mwali huwekwa ndani, hufundwa na makungwi, kisha hutolewa kwa shangwe, na shangwe hiyo hungoja mavuno kwa sababu wageni wa ukoo watataka kula. Peter Pels, katika utafiti wake wa mwaka 1999 kuhusu mahusiano ya wamisionari Wakatoliki na Waluguru, anaonyesha jinsi unyago na jando vilivyokuwa uwanja wa kuvutana na kupatana kwa miongo mingi. Mila iliyokwisha kuvutana na Kanisa haiwezi kusimuliwa kama kitu kilichokaa kimya tangu enzi na enzi.

Hatari halisi iko kwenye kalenda. Kisiwa cha Pentekoste huko Vanuatu, katika Bahari ya Pasifiki, kinatoa onyo linalofaa. Wanaume wa huko huruka kutoka kwenye mnara wa miti wakiwa wamefungwa vifundo vya miguu kwa mitambaazi ya msituni, katika ibada inayofungamana na mavuno ya viazi vikuu, na inayofanywa baada ya mvua, wakati mitambaazi ina unyevu na mnyumbuko wa kutosha. Mwaka 1974 ibada hiyo ilifanywa mwezi wa Februari ili Malkia wa Uingereza, aliyekuwa ziarani, aione. Msimu haukuwa umefika. Mtambaazi ukakatika na mrukaji akafa. Tangu hapo mchezo wa kuruka kwa kamba umeenea duniani kote, ukiwa umeachana na viazi vikuu, na kisiwa chenyewe kimeendelea kupokea watazamaji wanaolipa. Uluguru hakuna mnara wa kuruka. Lakini wageni wengi huja kiangazi, njia zinapokauka, na shinikizo la kuwa na ngoma ya mwali siku yoyote atakayofika mgeni ni lilelile lililomleta yule mrukaji juu ya mnara mwezi wa Februari. Vikundi vinavyokataa kuiweka ngoma ya aina hiyo kwenye orodha ya bei vinafanya uamuzi wa kihakiki, hata kama havikuwahi kuuita hivyo.

Kolelo ni jaribio gumu zaidi. Upande wa kusini mashariki wa milima, pango la mzimu huyu liliendewa na watu kutoka mbali, hata Uzaramo, waliokuja kuomba mvua na rutuba ya mashamba. Wanahistoria wamemhusisha Kolelo na mtandao wa imani uliotangulia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vita ambavyo wasomaji wengi wa Kiswahili wanavijua kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Kwa mtunzi wa safari, pango kama hili ni zawadi: lina njia ngumu, lina giza, lina hadithi ya nyoka. Linakidhi msamiati wa ujasiri na wa mila kwa pamoja. Kwa sababu hiyohiyo linaweza kuharibiwa haraka. Aliyekwenda kwa Kolelo hakwenda kutazama. Alikwenda na haja ya watu wa nyumbani kwake, akapokewa na wenye mahali, akarudi na jibu. Mgeni anayekwenda na kamera haendi mahali palepale, ingawa ramani inaonyesha nukta ileile. Inatosha hadithi ya Kolelo isimuliwe vizuri kutoka mbali, kwa kidole kinachoelekeza upande wa mlima. Fasihi simulizi imeishi kwa kidole hicho miaka mingi, na msikilizaji ambaye hakufika pangoni hakupungukiwa na kitu.

Hapa ndipo mwongozaji anaporudi katikati ya uhakiki. Yeye ni fanani. Anatafsiri papo kwa papo kutoka Kiluguru na Kiswahili kwenda Kiingereza, anasoma uso wa hadhira, anafupisha au kurefusha kulingana na pumzi za wapandaji. Sanaa yake haijaandikwa popote na kwa hiyo haihakikiwi. Vinavyohakikiwa ni vipeperushi, ambavyo ni maskini kuliko yeye. Waongozaji walio hodari tayari huvunja mkato unaolalamikiwa hapa, bila ruhusa ya programu. Huyu husimama penye jiwe la mpaka wa hifadhi na kusema babu zake walilima wapi. Mwingine hupishana na wabebaji na kuwataja kwa heshima wanayostahili, shangazi huyu, mama mdogo yule, na mgeni hulazimika kuwaona kama watu wenye mwenyeji wao. Hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji dakika kumi zikatwe kwenye mbio za kilele, na mafunzo ya waongozaji yawe na historia ya 1955 kama yalivyo na majina ya ndege.

Fedha lakini zipo, na mgawanyo wake nao ni masimulizi. Mgeni hulipa kiingilio cha hifadhi, hulipa ujira wa mwongozaji, na huacha mchango kijijini. Malipo hayo matatu yanafuata mkato uleule: msitu ni wa serikali, maarifa ni ya kikundi, ukarimu ni wa kijiji. Lukolo halimo. Katika utaratibu wa zamani wa Uluguru, mtu aliyetumia ardhi ya lukolo lisilo lake alitoa ngoto kwa mkuu wa lukolo hilo. Ngoto haikuwa bei ya shamba. Ilikuwa ukiri wa kila mwaka kwamba hapa pana wenyewe, na kwamba mtumiaji anajua. Mgeni anayepita juu ya Choma anapita kwenye ardhi ya namna hiyo kwa saa nzima kabla ya kuufikia msitu, akiwa na risiti mbili mfukoni na ngoto hajaisikia.